Damu ya Mzee Juu ya Shaba: Miaka Miwili ya Kuunda Treni Ndogo Mbeya

Baba yangu alikuwa mchochea moto katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akifanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 naye akarudi nyumbani na kuajiriwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hapa Mbeya. Nilikua nikisikia habari za vichwa vya treni vya daraja la 59, vile 34 vilivyoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester mwaka 1955 na 1956, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani 252, na karibu vyote vikiitwa kwa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kimoja kiliitwa Mount Mbeya na kingine Mount Rungwe. Baba, ambaye kwao ni Tukuyu, husimulia hadi leo jinsi alivyousoma mlima wa kwao ubavuni mwa injini huko Mombasa, miongoni mwa watu ambao hawakujua Rungwe iko upande gani wa dunia. Injini hizo hazikuwahi kufika huku, kwa sababu Mbeya haikuwa na reli yoyote kabla TAZARA haijajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na hata ingekuwapo mapema, reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067 ilhali injini zile zilikuwa za reli ya mita moja. "Mlima wetu ulikwenda kutafuta kazi ugenini," husema Baba, "kama mimi."

Nilipoamua kumtengenezea treni ndogo ya mvuke, nilijiambia kwamba kazi hiyo inataka subira na gundi tu. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari, nimezoea kushika nyaya na vyuma, na sikuona ni wapi ningeshindwa. Nilishindwa mahali pengi, na karibu kila mahali chanzo kilikuwa kimoja: nilidhani rangi itakuja kufunika kile nilichokiharibu chini yake.

Kosa la kwanza lilikuwa la fedha, na lilitokea kabla sijagusa chombo. Sikupata seti ya injini ya daraja la 59 ambayo mfuko wangu ungeimudu, na ukweli ni kwamba injini ya namna ile, yenye boila iliyoning'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu ili iweze kupinda kwenye kona kali, si kazi ya mwanafunzi. Kwa hiyo nilimwomba binamu yangu aliyeko Uingereza aninunulie seti ya injini ndogo ya Kiingereza yenye magurudumu sita, ya bamba za shaba ya manjano, pamoja na mabehewa mawili ya plastiki. Seti ya injini iligharimu kama Sh 290,000, nikaona nimepata. Boksi lilipofika nikakuta bamba bapa za shaba, vipande vichache vya metali nyeupe laini na karatasi ya maelekezo ambayo, katika mstari wa mwisho kabisa, ilisema kwamba magurudumu, mota na giaboksi hununuliwa peke yake. Hivyo vitatu vilinigharimu Sh 340,000 nyingine. Ukijumlisha mabehewa, nauli, ushuru, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, vyombo na rangi nilizoziharibu, hesabu yangu ilifika Sh 1,350,000. Niliyomtajia mke wangu ilikuwa nusu yake, na ni yeye aliyekuja kuikuta stakabadhi ya pili ndani ya kitabu cha mitihani. Anayetaka kuanza na aulize swali moja kabla ya kulipa: je, ndani ya boksi kuna magurudumu?

Jambo jingine la kujua mapema ni vipimo. Modeli za Kiingereza za aina niliyonunua hupunguzwa mara 76 kutoka kwenye ukubwa halisi, lakini hutembea juu ya reli yenye upana wa milimita 16.5, na ukizidisha unapata kama mita 1.25 badala ya mita 1.435 ya reli za Uingereza. Wapo waunda modeli ambao hawawezi kulala na kosa hilo, nao hujenga reli ya milimita 18.83 na kubadilisha kila ekseli. Mimi nililiona kosa hilo kama bahati, kwa kuwa lilikuwa limeisogeza injini yangu karibu nusu ya safari kuelekea kwenye reli zetu nyembamba.

Kazi ya shaba ilianza vibaya. Bamba hizo huja zikiwa zimechongwa kwa asidi, na mahali pa kukunja pamechimbwa mstari mwembamba unaofika nusu ya unene wa bamba. Mstari huo unatakiwa kubaki upande wa ndani wa kona. Mimi niliukunja upande wa nje, nikagundua, nikaurudisha, na kibanda cha dereva kikakatika vipande viwili mkononi mwangu, kwa maana shaba iliyopunguzwa unene haivumilii kukunjwa mara mbili. Nilikaa nikivitazama vipande hivyo mpaka chai ikapoa. Baadaye niliviunganisha kwa lehemu na kuisawazisha kona kwa tupa, na leo huwezi kuona mshono, ila mimi najua ulipo.

Chuma cha kulehemia nilikiazima kwa fundi simu, nacho kilikuwa cha wati 25. Kwa simu kinafaa sana, lakini shaba husambaza joto haraka, na kila nilipogusa bamba joto lote lilikimbilia pembeni, lehemu ikabaki juu kama uji ulioganda bila kuingia kwenye kiungo. Kadiri nilivyokishikilia ndivyo viungo vya jirani vilivyolegea. Nilipopata chuma cha wati 60 chenye ncha pana, kiungo kilichokuwa kikinichukua dakika mbili kilikamilika kwa sekunde tatu. Chombo chenye nguvu zaidi ndicho kilichochoma kidogo zaidi, jambo ambalo nimelifundisha darasani miaka mingi bila kulielewa mikononi.

Hata hivyo nguvu hiyo ilinitia hasara siku hiyohiyo. Bomba la moshi la seti yangu lilikuwa la ile metali nyeupe, na metali hiyo huyeyuka katika joto lililo chini sana ya joto la ncha ya chuma cha kulehemia. Niliigusa kama nilivyokuwa nikigusa shaba, na bomba likalala ubavu kama mshumaa na kuishia kuwa tone linalong'aa mezani. Ipo lehemu maalumu ya kazi hiyo, inayoyeyuka kwa nyuzi 70 tu, lakini sikuwa nayo, na gundi ya epoksi ingetosha kabisa. Nilikwenda na tone langu pamoja na picha kwa fundi wa kukereza kule SIDO Mwanjelwa, naye akanichongea bomba jipya la shaba kwa Sh 15,000, zuri kuliko lile la kiwandani. Hakuniuliza ni la nini. Aliniuliza tu kama nahitaji mawili, kwa sababu watu wanaoleta vitu vidogo kama hivyo hurudi.

Sasa nije kwenye kosa lililonigharimu miezi. Lehemu haishiki shaba bila dawa ya kusafisha, na mimi nilitumia ile ya asidi wanayotumia mafundi wa rejeta. Inashika vizuri mno. Lakini asidi hiyo hubaki kwenye pembe na chini ya misumari midogo, na mimi, kwa haraka ya kutaka kuona rangi, niliisuuza injini kwa maji ya bomba ya baridi mara moja tu na kuipaka praima kesho yake. Wiki tano baadaye vipele vilianza kujitokeza juu ya rangi, na nilipokitumbua kimoja kwa sindano nilikuta ukungu wa kijani umekaa chini yake. Rangi yote ililazimika kutoka. Niliiloweka injini kwenye thina usiku kucha, na asubuhi nikakuta si rangi tu iliyotoka, bali pia ngazi, vishikio na taa, yaani kila kitu nilichokuwa nimekibandika kwa supaglu kwa uvivu wa kulehemu, vimelala chini ya chupa kama samaki waliokufa.

Tangu siku hiyo sipitishi jioni yoyote ya kulehemu bila kuosha. Nachukua maji ya moto, sabuni ya vyombo na magadi kidogo, yale ya kupikia, kwa sababu magadi huua asidi, kisha nasugua kila pembe kwa mswaki wa zamani, nasuuza, nakausha kwa kupuliza. Kabla ya rangi narudia yote, na baada ya hapo siigusi shaba kwa vidole vitupu, kwa kuwa mafuta ya ngozi nayo huzuia rangi kushika. Baadhi ya lehemu zina risasi ndani yake, hivyo mikono nayo ioshwe kabla ya kula, na dirisha liwe wazi hata kama nje kuna baridi.

Chasisi niliijenga mara tatu. Katika injini halisi ya mvuke vishikizo vya fito, vile vyuma virefu vinavyounganisha magurudumu, vya upande mmoja hutangulia vya upande wa pili kwa robo ya mzunguko, nyuzi 90, ili pistoni moja ikifika mwisho wa mwendo wake na kuishiwa nguvu, nyingine iwe katikati ikisukuma kwa nguvu zote. Modeli haina mvuke wala pistoni zenye kazi, inasukumwa na mota ya volti 12, lakini robo hiyo lazima iwe sawasawa kwenye ekseli zote tatu. Mimi niliipanga kwa macho. Injini ikawa inatembea kwa kuchechemea, hatua moja nzuri, hatua moja inakwama, na nilichofanya ni kutanua matundu ya fito kwa tupa hadi yakawa makubwa kiasi kwamba fito zilipiga kelele kama debe lenye kokoto. Ilinibidi ninunue fito nyingine. Mara ya tatu nilinunua kipande cha kioo kinene kwa fundi wa vioo ili niwe na meza iliyonyooka kweli, nikahakikisha chasisi haiyumbi juu yake, nikaweka ekseli mbili kwanza na kuzifanyia kazi mpaka zikazunguka bila kizuizi, ndipo nikaongeza ya tatu. Mota haikuingia hadi chasisi ilipoweza kuteremka yenyewe kwenye ubao ulioinamishwa kidogo, kwa uzito wake tu. Kama haiteremki yenyewe, mota haitaiponya.

Mabehewa ya plastiki yalikuwa rahisi kuunganisha, na nasema wazi kwamba ningeanza nayo ningeokoa miezi sita na fedha nyingi. Kuta nne, sakafu, paa, viti, gundi ya majimaji inayoyeyusha plastiki kidogo na kuifunga. Behewa hukufundisha kusoma maelekezo, kukata kipande kutoka kwenye fremu yake bila kukitoboa na kusugua mshono kwa msasa laini wa namba 600 hadi kucha isiuhisi. Mimi niliyaacha mwisho kwa kuwa niliyadharau, na dharau hiyo ilinirudia wakati wa rangi.

Rangi zenyewe zilinisumbua kabla hazijafunguliwa. Binamu yangu alijaribu kunitumia makopo ya kupuliza, yakazuiwa hukohuko, maana makopo yenye gesi na rangi zinazowaka hazisafirishwi kwa barua za ndege. Nikaenda kwa fundi wa rangi za magari Mwanjelwa nikamwomba anichanganyie damu ya mzee, rangi ile ambayo Baba huikumbuka kwenye injini zake, robo lita. Akaniuliza, "Mwalimu, gari lako ni aina gani?" Nikamwambia lina urefu wa sentimita 12. Alicheka, lakini alinichanganyia kwa uangalifu, akanipa pia praima inayouma chuma, ambayo wao huipaka kwenye bati jipya, na kwa shaba hiyo ndiyo dawa. Nilitumia bunduki ndogo ya kupulizia pamoja na kompresa ya kuazima, na juu ya injini rangi ilikaa vizuri.

Kisha, bila kufikiri, nikaijaza bunduki tena na kuligeukia behewa. Thina ya rangi za magari hula plastiki. Ubavu wote wa kushoto ulilainika mbele ya macho yangu, madirisha yakakunjamana, na mistari ya mbao iliyochongwa kwa ustadi ikafutika kama maandishi ya chaki yaliyonyeshewa. Behewa hilo liko rafuni hadi leo. Kwa plastiki tumia rangi za akriliki zinazochanganywa kwa maji au spiriti, na rangi yoyote usiyoijua ijaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki baada ya kukata vipande. Fremu hizo nilikuwa nimezitupa siku ya kwanza.

Yaliyobaki ni hali ya hewa, na hapa mtu wa nyanda za juu ana shida ambazo maelekezo ya boksi hayazitaji. Nilianza kupuliza mwezi wa Julai, usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Wanaoijua Mbeya ya Julai wanajua baridi yake. Rangi ilitoka nzito, ikatua kwa matone, ikakauka ikiwa na vinundu kama ganda la chungwa. Dawa niliyoibuni ilikuwa kuingiza jiko la mkaa chumbani. Mke wangu alifungua mlango, akanusa thina, akaliona jiko, akaniuliza kwa upole kabisa kama nimechoka kuishi. Alikuwa na haki. Mvuke wa thina huwaka, na mimi ndiye mwalimu wa fizikia. Siku hizi napuliza kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku yenye jua, mlango ukiwa wazi na barakoa usoni, na chupa ya rangi naiweka kwanza katika maji ya uvuguvugu ya kiasi cha kumwogeshea mtoto mchanga.

Masika nayo yana lake. Mwezi wa Machi, mvua ikiwa imekaa siku nne, niliipulizia injini vanishi isiyong'aa ili niimalize, na ndani ya dakika mbili damu ya mzee ikageuka kijivu kama jivu la jiko. Sababu yake ni rahisi: kimiminika cha vanishi kinapokimbia huondoka na joto, uso unapoa, na kama hewa imejaa unyevu maji hutua ndani ya vanishi ambayo haijakauka. Nilisubiri siku kavu nikapulizia tabaka jembamba la vanishi inayong'aa, na sehemu kubwa ya ukungu ikapotea, ingawa ukiiangalia injini kwa ubavu karibu na boila bado utauona. Tangu hapo naazima vipimajoto viwili vya maabara, kimoja kikavu na kingine chenye kitambaa cha maji, na tofauti ya visomo vyao ikiwa ndogo, yaani hewa imejaa unyevu, siku hiyo sipulizi. Kwa kukaushia nimenyang'anya sanduku la kulelea vifaranga, lenye taa yake. Linafaa sana kwa shaba. Kwa plastiki naiweka taa mbali, kwa sababu paa la behewa la pili lilianza kupinda.

Vumbi la Septemba hutulizwa kwa kumwagia sakafu maji kabla ya kuanza. Kumbikumbi hawana dawa. Mmoja alitua juu ya paa lenye vanishi mbichi, akaacha mabawa yote manne na kuondoka kwa miguu.

Mistari ya manjano pembeni nilijaribu kuichora kwa kalamu ya wino ya wachoraji ramani, nikaifuta mara tisa, nikakubali kununua chapa za kubandika kwa maji. Hizo hutaka uso unaong'aa. Ukizibandika juu ya rangi kavu isiyong'aa, hewa hubaki chini yake na kuonekana kama fedha. Kwa hiyo ni vanishi ya kung'aa kwanza, kisha chapa, kisha vanishi isiyong'aa, na kati ya kila tabaka siku mbili, si saa mbili.

Nilipomaliza niliandika MOUNT MBEYA ubavuni. Najua ni uongo, kwani jina la injini ya tani 252 nimelibandika juu ya kijiinjini cha kuvutia mabehewa kituoni, na mjuzi yeyote atakasirika. Nyuma ya kibanda nilijaza makaa ya mawe halisi ya Kiwira, niliyoyaponda kwa nyundo na kuyachekecha kwa chujio la chai, na niliyaonea fahari kuliko kitu kingine chochote.

Baba aliivuta karibu na dirisha. Alipitisha kidole juu ya jina, herufi moja baada ya nyingine, akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba niliogopa. Kisha akaigeuza.

"Na haya makaa ameyaleta nani?"

Nikamwambia ni ya Kiwira, Baba.

"Mwanangu, sisi tulichoma mafuta mazito. Ningechota makaa kwa sepetu kutoka Mombasa mpaka Nairobi, wewe ungezaliwa na nani?"

Makaa yametoka kwa kisu, na yametoka na kipande cha rangi. Tenki la mafuta nimeshalikata kwenye mabaki ya shaba, nimelilehemu, nimeliosha mara mbili kwa magadi, na praima imeshika. Kumbikumbi wameanza kutoka wiki hii, kwa hiyo vanishi itasubiri.